Baiskeli ya Pesa Mingi ama Miguu? Barabara ya Embu–Meru Itakujibu

Picha hii pengine umeiona. Ni Jumamosi asubuhi, barabara ya kutoka Chuka kuelekea Nkubu. Msee mmoja amejipanga na luku yote ya Tour de France: helmeti, miwani ya rangi, kaptura ya kubana, na baiskeli ya kaboni inayong'aa kama sufuria mpya. Mlima umeanza tu na tayari anahema kama amefukuzwa na ng'ombe. Nyuma yake anatokea mzee wa ocha juu ya Black Mamba, gambuti mguuni, mkungu wa ndizi kwa karia. Mzee anamsalimia, "Muga," anapita, anaenda zake.

Watu wakisimulia stori kama hii huishia hapo. Wanacheka, kisha wanatoa hukumu: baiskeli ya bei ni maringo, mguu ndio kila kitu.

Lakini kuna sehemu ya pili ambayo huwa haisimuliwi. Mlima ukizidi kuwa mkali, mzee anashuka, anashika usukani na kuanza kusukuma. Black Mamba yake ina gia moja tu. Nguvu anazo, ni mashine imemkatalia.

Sasa weka sehemu zote mbili pamoja. Kabla hujaenda kwa sacco kuomba loni ya kaboni, ama kabla hujaapa kwamba utashinda mashindano na baiskeli uliyoachiwa na guka, soma hii mpaka mwisho. Pesa yako iko hapa, na kuna mahali chini kidogo ambapo hata maisha yako yako hapa.

JIBU KWA UFUPI

Kama una haraka, chukua hii uende nayo. Miguu, moyo na mapafu ndiyo huamua mambo mengi, hasa kwa milima. Baiskeli nayo inafaa ifike kiwango fulani: ikutoshe mwili, iwe na gia za kupanda, tairi nzuri na breki zinazoshika. Kabla ya kiwango hicho, kila shilingi unayoongeza inakusaidia sana. Ukishakipita, unalipa maelfu ya pesa kununua sekunde. Na sekunde zina maana tu kama wewe tayari uko sawa na wale unaoshindana nao.

Hayo mengine yote ni maelezo. Twende nayo pole pole.

BARABARA YENYEWE NI MTIHANI

Kwa nini Meru na Embu? Kwa sababu huku huwezi kudanganya.

Ukitoka Embu tao kuelekea Meru, unapita upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Maji ya mlima hushuka kwa mito mingi, na kila mto umechimba bonde lake. Barabara inayakata mabonde hayo moja baada ya lingine: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, mpaka Kathita pale Meru mjini. Kwa gari ni kona na breki tu. Kwa baiskeli, kila mto ni mteremko unaofuatwa na mlima. Hupati kilomita nyingi za kupumzika. Kati ya Nkubu na Meru unavuka hata ikweta, lakini kwa wakati huo mapaja yako hayajali mambo ya jiografia.

Ukitaka mlima mrefu bila kushuka-shuka, kuna barabara ya kutoka Meru kwenda Timau, inayokupeleka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwa upande wa Embu kuna ile ya kupanda Kianjokoma kwenye majani chai. Ukitaka tambarare, shuka Mwea kwenye mpunga, pale upepo ndio adui. Yaani ndani ya eneo moja una kila aina ya mtihani, na kila mtihani unauliza swali tofauti kuhusu mguu na mashine.

HESABU YA MLIMA

Wacha tuweke namba, kwa sababu maneno ni mengi.

Chukua mtu wa kilo 65. Mpe mlima wa kilomita 5 wenye mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara anapanda mita 6. Mpaka juu atakuwa amepanda mita 300. Nguvu ya mwendesha baiskeli hupimwa kwa wati, kama balbu. Tuseme yeye anatoa wati 200 bila kuachilia, ambayo ni kazi ya maana kwa mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi. Ukipiga hesabu ya uzito, msuguano wa tairi na upepo, unapata hivi:

Akiwa na kaboni ya kilo 8, atafika juu kwa dakika 21 na kitu.

Akiwa na baiskeli ya mtumba ya kilo 14, yenye gia nzuri, atafika kwa karibu dakika 23.

Akiwa na Black Mamba ya kilo 22, atafika kwa karibu dakika 25. Hiyo ni kama ile gia moja itamruhusu kuzungusha pedali mpaka juu, na kwa mlima halisi huwa ni shida.

Sasa muache na ile ya mtumba ya kilo 14, lakini mpe mazoezi mpaka atoe wati 240. Anafika kwa dakika 19 na kitu.

Soma tena hiyo ya mwisho. Baiskeli nyepesi kwa kilo 6 ilimpunguzia dakika moja na nusu hivi. Mazoezi yalimpunguzia zaidi ya dakika tatu. Msee wa mtumba mwenye mguu amemwacha msee wa kaboni asiye na mazoezi kwa karibu dakika mbili, na hakuna shilingi aliyotumia dukani. Kwa mtu anayeanza, kuongeza nguvu kwa asilimia 20 ndani ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kueleweka si ndoto.

Jambo lingine: mlima haujui kilo imetoka wapi. Kilo iliyo kwa freemu na kilo iliyo kwa tumbo zinavutwa chini sawasawa. Wapo watu wanaolipa ganji nzito kupunguza gramu 300 kwa baiskeli, na jioni wanazirudisha na nyama choma pamoja na soda mbili. Usianze kujinyima chakula kwa sababu ya hii, mguu unakula pia. Lakini jua mahali kilo za bei rahisi ziko.

WALIOTHIBITISHA KWA MIGUU

Mwaka wa 2008, Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa kujaribu mlima maarufu zaidi kwa baiskeli duniani, Alpe d'Huez. Mmoja alikuwa mng'arisha viatu na mwingine alikuwa akibeba watu kwa baiskeli ya boda boda, ule mchezo ulioanzia mpakani Busia kabla nduthi hazijachukua kazi yote. Aliyewapeleka alikuwa Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, ambaye alijiuliza swali rahisi: kama Wakenya wanatawala mbio za miguu, kwa nini wasitawale baiskeli?

Alpe d'Huez ni kilomita 13.8, kona 21, mwinuko wa wastani wa asilimia 8 hivi. Nderi alipanda kwa dakika 42 hivi. Wataalamu wa Ulaya wanaolipwa kufanya kazi hiyo tu huwa hawadharau muda kama huo. Injini aliipata kwa maisha ya kawaida na mazoezi ya nyumbani, si kwa maabara.

Mfano mwingine unaujua. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985. Akiwa kijana alikuwa akienda Mai-a-Ihii, Kikuyu, kufanya mazoezi na David Kinjah na vijana wa Safari Simbaz. Hapo hakukuwa na baiskeli za milioni. Kulikuwa na milima, vumbi, spea za kuunganisha-unganisha, na wakubwa waliokuwa wakimwacha nyuma. Froome alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka wa 2006, kisha baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Baiskeli za bei zilikuja, lakini zilimkuta tayari ana miguu.

Na hapo jirani Eritrea, Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka wa 2024 na kwenda nyumbani na jezi ya kijani. Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hewa nyepesi ya juu husukuma mwili kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Wewe unayeishi Timau ama juu kule Kibirichia una hewa ya aina hiyo bure, na pengine huwa unalalamika tu kwamba baridi imezidi.

LAKINI TUSIDANGANYANE: MASHINE HUHESABIKA

Hapa ndipo mashabiki wa Black Mamba hawatafurahi.

Kuna rekodi inaitwa rekodi ya saa moja. Unaendesha ndani ya uwanja wa duara kwa dakika 60, wanapima umbali. Mwaka wa 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji alienda kilomita 49.431. Mwaka wa 1996, Mwingereza Chris Boardman alienda kilomita 56.375 akiwa na baiskeli ya kisasa, mikono imenyooshwa mbele kama Superman. Baadaye wakubwa wa mchezo wakasema hapana, wanaotaka rekodi watumie baiskeli ya kawaida kama ya Merckx. Mwaka wa 2000 Boardman akarudi na baiskeli ya kawaida. Alienda kilomita 49.441.

Umeona hiyo? Ni mtu yuleyule. Alikuwa ameongeza miaka minne, ndiyo, lakini karibu kilomita 7 zilipotea aliponyang'anywa mashine na ile namna ya kulala juu yake. Alimpita Merckx kwa mita 10 tu baada ya miaka 28 ya teknolojia.

Sababu ni upepo. Kwa mlima unapigana na uzito, na mwendo ni mdogo, kwa hivyo hewa haikusumbui sana. Kwa tambarare, ukifika kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yako inaisha kwa kusukuma hewa. Ndiyo maana Mwea ni mtihani tofauti na Kianjokoma.

Hata hivyo, kabla hujakimbia dukani, mjue mtu mmoja anaitwa Graeme Obree, kutoka Scotland. Mwaka wa 1993 alivunja rekodi hiyohiyo ya saa moja kwa kilomita 51.596, na baiskeli aliyojitengenezea mwenyewe, yenye beringi zilizotoka kwa mashine ya kufua nguo. Siri yake ilikuwa namna alivyokunja mwili kupunguza upepo. Yaani hata pale mashine ilipohesabika, kitu kikubwa kilikuwa mwili umekaa vipi juu yake. Kuinama vizuri na kukunja viwiko ni bure. Kukaa nyuma ya mwenzako kwa tambarare ni bure pia, na kunaweza kukupunguzia karibu theluthi ya kazi. Ukienda Mwea na mbogi ya watu watano mnaopokezana mbele, mtampita msee wa kaboni anayeendesha peke yake.

Sasa swali: wakikutana watu wenye miguu sawa? Hapo baiskeli inaamua, na hapo ndipo Mkenya huumia. Kijana wa Meru akifika mashindano makubwa akiwa na nguvu sawa na Mbelgiji, lakini gurudumu zake ni nzito, tairi ni za mitumba na gia zinaruka, ataachwa kwa sababu ambayo si yake. Mtu akimwambia "tia bidii tu," anamdanganya. Bidii alishatia. Kilichobaki ni mdhamini.

Lakini angalia upande wa pili pia. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 kwenye milima ya Rwanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 pekee. Zaidi ya watu 100 walibaki njiani, na wengi wao walikuwa juu ya baiskeli ambazo moja tu ingekununulia ploti. Milima iliwauliza swali la miguu, na kaboni haikuwajibia.

PESA KIDOGO, UIWEKE WAPI?

Tuseme una doo kiasi, si nyingi. Huu ndio mpangilio unaofaa kwa barabara za huku.

Kwanza, saizi. Baiskeli isiyokutosha ni hasara hata kama umepewa bure. Kaa kwa kiti, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa unyooke bila kiuno kuyumba. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini sana unaua goti na kupoteza nguvu. Unataka ushahidi? Julai 14, 2016, kwenye mlima wa Ventoux, Froome aligongana na pikipiki, baiskeli yake ikavunjika. Akaanza kukimbia kwa miguu kwenye Tour de France, watu wakadhani wanaota. Alipopewa baiskeli ya dharura ambayo haikumfaa, bingwa mzima alihangaika mpaka gari la timu likamletea nyingine. Kama haikumfaa Froome kwa dakika chache, wewe itakufanya nini kwa miaka mitatu?

Pili, breki. Hii tutairudia.

Tatu, gia za kupanda. Ukiwa na meno 34 mbele na meno 34 nyuma, unaweza kuzungusha pedali mara 70 kwa dakika ukiwa kwa mwendo wa kilomita 9 hivi kwa saa. Maana yake mlima mkali unapandika ukiwa umekaa, bila kuua magoti. Hii ndiyo tofauti kubwa kati yako na yule mzee wa Black Mamba. Ukipata baiskeli ya ex-UK yenye gia za mbele mbili ama tatu na za nyuma kubwa, hiyo ni mali kuliko kaboni yenye gia za mabingwa wa tambarare.

Nne, tairi. Tairi iliyokauka na kupasuka pembeni ni pancha inayongoja siku. Tairi isiyo na upepo wa kutosha inakula nguvu kila mita. Kwa murram chukua tairi pana kidogo na usijaze mpaka iwe jiwe, ama utaruka-ruka na kupoteza mwendo. Beba tyubu ya ziada, viraka na pampu ndogo. Kati ya Runyenjes na Chuka hakuna timu ya Froome itakayokuletea baiskeli.

Tano, cheni safi. Fundi wako anajua. Cheni iliyojaa mchanga inanyonya nguvu na kutafuna meno ya gia, kisha unanunua vyote viwili.

Sita, helmeti. Hakuna mjadala hapa.

Ukimaliza hayo sita, simama. Hesabu miezi sita ya mazoezi kabla ya kufikiria kaboni. Baada ya hapo, kama bado unaona ni baiskeli inakuchelewesha, angalau utakuwa unanunua ukiwa unajua unachonunua. Na ukinunua, nunua na pesa yako. Loni ya kaboni inalipwa kila mwezi, hata ule mwezi goti limekataa.

KUJENGA INJINI BILA MAABARA

Huhitaji vifaa vya kompyuta kuanza. Unahitaji siku nne kwa wiki na mpangilio.

Siku moja ni ndefu na ya pole pole. Saa mbili mpaka tatu, kwa mwendo ambao unaweza kubonga na mwenzako bila kukata sentensi. Hii ndiyo inajenga msingi, na ndiyo watu wengi huiharibu kwa kutaka kushindana na kila nduthi inayopita. Watu wa Embu wanaweza kushuka Mwea na kurudi. Watu wa Meru wanaweza kuelekea Subuiga, wakipanda bila haraka.

Siku moja ni ya mlima. Tafuta mlima wa dakika 5 karibu na nyumbani. Panda kwa nguvu ambayo inakuacha na maneno mawili matatu tu mdomoni, shuka pole pole, rudia mara nne. Andika muda wako kwa daftari. Mlima huohuo, baada ya wiki sita, utakuambia ukweli kuliko rafiki yako yeyote.

Siku moja ni fupi na nyepesi, ya kunyoosha miguu.

Siku ya nne, fanya kama mashindano: kilomita 30 ama 40 na mbogi, mkipokezana mbele. Mbali na pumzi, hapo unajifunza kukaa ndani ya kundi bila kuogopa. Hii si kitu kidogo. Wale vijana waliopanda Alpe d'Huez walionyesha nguvu, lakini mbio za Ulaya pia zinataka ujue kusukumana ndani ya watu 150 kwa kona. Ndiyo maana kazi ile iliendelea na kuzaa timu ya Kenyan Riders, watu wakafunzwa kushindana kama kikundi.

Siku zilizobaki, pumzika. Mwili hujengeka ukiwa umelala.

Chakula kiko shambani kwako. Viazi vitamu, nduma, githeri, mukimo, mayai, na ndizi za Meru ambazo watu wa Nairobi hununua kwa bei. Ukipita saa moja na nusu barabarani, kula kitu kidogo kila nusu saa na unywe maji kabla kiu haijakushika. Ndizi mbili mfukoni zinafanya kazi ya vile vipakiti vya duka la michezo.

Na tuongee ukweli kuhusu miraa, kwa sababu tuko Meru. Miraa inakupa hisia ya nguvu kwa kupandisha mapigo ya moyo, lakini haikuongezei mafuta kwa injini. Inaua hamu ya kula na inakunyima usingizi, vitu viwili ambavyo mazoezi yanavitegemea. Zaidi ya hapo, cathine, kemikali iliyo ndani ya miraa, imo kwenye orodha ya WADA ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano ikipita kiwango fulani mwilini. Kama unaota kuvaa jezi ya taifa, iache. Kwa baba yako ni biashara, kwako ni hatari ya kufungiwa.

MTEREMKO HAUULIZI UNA MGUU GANI

Tulisema tutarudi kwa breki. Ndio hapa.

Mpaka sasa tumeongea kuhusu kupanda, na kwa kupanda mguu ndio mfalme. Kwa kushuka mambo yanageuka. Mteremko unampa mwendo kila mtu, awe na mazoezi ama hana. Ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 60, mwendo umeongezeka mara mbili lakini umbali unaohitaji kusimama baada ya kushika breki umeongezeka mara nne. Black Mamba zenye breki za vyuma, zikilowa maji, zinashika wakati zinapojisikia.

Daraja la Nithi kila mtu wa huku analijua. Mteremko mrefu, kona, kisha daraja. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Kama basi lenye dereva wa kazi linaweza kushindwa na kona hiyo, baiskeli yenye mpira wa breki ulioisha haina hadithi. Shuka hapo ukiwa umepunguza mwendo mapema, kabla ya kona, si ndani yake. Tumia breki zote mbili, bana na kuachilia, rudisha uzito nyuma kidogo, na uangalie mahali unataka kwenda. Ukiona lori nyuma linakuja na halipunguzi, toka barabarani. Hakuna medali ya kushuka Nithi.

Mchezo huu umetuchukulia watu. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendesha baiskeli bora Kenya imewahi kutoa, alimaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka wa 2017. Agosti 27, 2022, alianguka akiwa kwa kasi kwenye mbio za Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33, mguu alikuwa nao na ujuzi alikuwa nao. Kama mtu wa kiwango chake alianguka, mimi na wewe tusicheze.

Kwa hivyo kama una shilingi ya mwisho na hujui uiweke kwa gurudumu nyepesi ama kwa mpira mpya wa breki, usiniulize tena.

UAMUZI, KULINGANA NA WEWE NI NANI

Kama unaenda kazi, shule ama soko: tafuta baiskeli ya chuma yenye gia, karia imara na breki nzuri. Kaboni haitakubebea ndizi.

Kama unataka kupunguza mwili na kuwa fiti: ile uliyo nayo inatosha, ilimradi iko salama na inakutosha. Baiskeli nzito inakufanyisha kazi zaidi kwa kilomita zilezile, na hiyo ndiyo ulikuwa unataka.

Kama unataka kushindana kwa mara ya kwanza, iwe mbio za kaunti ama zile za milimani kama 10to4 ya Mount Kenya Trust upande wa kaskazini wa mlima: pata baiskeli ya kati inayokutosha, ifanyie huduma kwa fundi unayemwamini, na uweke akili yote kwa mazoezi. Usibadilishe kitu wiki ya mwisho.

Kama tayari uko mbele ya wenzako wote na unaachwa kwa sekunde: hapo ndipo baiskeli ya bei ina kazi. Tafuta klabu, tafuta mdhamini, onyesha ile daftari ya muda wako wa mlima. Mdhamini mwenye akili anatafuta miguu, kwa sababu baiskeli anaweza kununua, miguu hawezi.

Na wewe mzazi ama mwalimu unayesoma hii ukiwa Embu ama Meru: yule kijana anayepeleka maziwa kwa baiskeli kila asubuhi na harudi akihema, mwangalie vizuri. Usikimbilie kumnunulia kaboni. Mtengenezee breki, mtafutie gia ya kupanda, kisha mpeleke mahali kuna saa na mlima. Mengine mlima utasema wenyewe.